Mshale Unatazama Unakotoka Upepo

Nakivale, 12 Februari 2006

Mwipwa wangu Eliane,

Amani ya Bwana iwe nawe, na mtoto Nasani, na huyo mwingine ambaye bado hatujamwona sura. Mimi nipo. Kifua kinanishika asubuhi, kinaniachia saa sita, kisha jioni kinarudi kama mgeni aliyesahau kofia yake. Mvua imechelewa na maharage ya watu yamesimama na majani mawili mawili. Jirani yangu Nyirakamana, anayenipikia, anakusalimu sana na anauliza kama bado unakula kidogo kama ndege.

Tanga limefika. Kabera mchuuzi wa maharage alilibeba juu ya magunia yake toka Mbarara bila kulilowanisha. Mishono yako imenyooka kuliko mistari niliyokuwa nachora ubaoni kule Uvira, na nilikuwa nachora kwa rula. Tulipolipandisha, watu wakatoka majumbani. Wazaliwa wa huku Uganda wanajua kasia tu. Sisi wakimbizi tuliokulia kando ya Tanganyika ndio tuliosimama kimya. Karekezi mvuvi, ambaye ndiye nahodha, alilizunguka mara mbili, akasema, "Mwalimu, sasa hii ni kitu." Mashua nimeiita Nabintu, jina la mama yako. Utanisamehe kwa kutokuuliza.

Sasa nieleze shida. Ziwa hili limefungwa na milima na mafunjo pande zote. Chini, kimo cha mtu aliyeketi, hewa imelala. Juu ya mlingoti kuna upepo mwingine kabisa, nao haukai upande mmoja, kwa kuwa milima inaurudisha. Karekezi analowesha kidole na kukiinua, na kidole kinamdanganya. Juzi tanga liligeuka ghafla likampiga kofia ikaenda majini. Ninataka kufunga mshale juu kabisa ya mlingoti, unaozunguka wenyewe, ili mtu akiinua macho ajue upepo wa huko juu unatoka wapi. Nimeshauchora. Ninahitaji ekseli ya gurudumu la baiskeli na gololi zake, na kipande cha bati jepesi la alumini. Mbarara mafundi wanatupa vitu hivyo.

Kosa langu ni kwamba mlingoti nimeshausimamisha, na umekita. Anahitajika mtu wa kuupanda. Karekezi ni mzito, na vijana wa hapa wanaogopa. Uliwahi kuniambia kwamba kazi ya mume wako jeshini ni kufunga antena za redio, na kwamba anapanda nguzo kama mtu anayepanda kitandani. Ningependa aje Jonan.

Najua ninachoomba. Najua kwamba kwake wewe ni Annah wa Kisoro, mzaliwa wa Uganda, na mimi sipo duniani. Lakini mlango wangu unatazama ziwa, na kutoka kitandani ninauona mlingoti. Kabla sijaondoka nataka nione kitu kinageuka huko juu.

Mjomba wako,
Kizito


Mbarara, kwa Topista, duka la vitambaa
5 Machi 2006

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Barua yako niliipata kwa Topista kama kawaida, nikaisoma nyuma ya majora ya vitenge huku yeye akiangalia mlango. Nasani hajambo, ameota jino la nyuma na analia usiku. Mimi miguu imevimba kidogo lakini si vibaya. Jonan hajambo. Hapa kambi ya jeshi maji yanakatika, tunapanga foleni bombani tangu alfajiri, na foleni ndiyo redio yetu: kila kitu kinasemwa pale.

Ekseli na gololi ziko ndani ya soksi, nimezipaka grisi zisipate kutu. Bati limetoka kwenye sufuria lililotoboka, naomba radhi kwa masizi.

Umefurahi kuhusu tanga, nami nimefurahi, lakini acha nikueleze lilivyonitesa. Nilimwambia Jonan kwamba ninashona turubai la kanisa, kwa watu wa Kisoro. Alikaa akinitazama nikivuta cherehani, akaliinua pembe moja, akaniuliza, "Kanisa gani hii iko na paa ya pembe tatu?" Nikasema ni kanisa dogo. Akasema, "Sawa, mama Nasani," akanishikia kitambaa kisiburuzike chini mpaka nilipomaliza.

Mjomba, hilo la kupanda mlingoti, nitakutafutia fundi. Yuko mmoja hapa anayefunga antena za televisheni juu ya mabati, nitamlipa mimi. Jonan ana kazi nyingi.

Halafu hicho kifua. Njoo Mbarara upimwe hospitalini. Topista amekubali ulale kwao, chumba cha nyuma. Nitakuja kukuona kila siku nikienda sokoni.

Bombani wananiita mke wa bure. Wanasema mwanamke ambaye hata mbuzi hakutolewa kwao ni kama amejiokota mwenyewe. Siku ya harusi baba yake Topista alisimama mahali pa baba yangu, na kila mtu aliona kwamba koti lake lilikuwa la kuazima. Sijui kwa nini nakuandikia haya. Choma barua hii kama zile nyingine.

Binti yako,
Annah (Eliane)


Nakivale, 2 Aprili 2006

Mwipwa wangu,

Nakusalimu, na namshukuru Mungu kwa jino la Nasani. Mvua imekuja, tena kwa hasira. Njia ya kwenda Rugaaga imekuwa tope na Kabera amekwama siku kadhaa. Nyirakamana ameniwekea kitanda karibu zaidi na mlango, anasema mtu anayekohoa apate hewa. Nadhani amechoka kunisikia nikimwambia asogee anaponizibia ziwa.

Mshale umekwisha. Masizi ya sufuria lako nimeyaacha, yanafanya uonekane vizuri angani. Kazi yake si ya nguvu, ni ya mizani. Nyuma lazima pawe papana, ili upepo upate mahali pa kusukuma. Mbele lazima pawe pembamba lakini pazito, kwa hiyo nimefunga nati kwenye ncha. Unauweka juu ya kidole kimoja. Ukilala sawa kama daraja, umefaulu. Ukiinama upande wowote, mashua ikilala, mshale utaanguka upande huo na kusema uongo. Nilikata nyuma mara tatu. Mikono yangu inatetemeka, na gololi zilinianguka chini ya kitanda. Nyirakamana alizitafuta kwa magoti huku akinung'unika kwamba yeye alitoroka vita ili aje kuokota vichuma vya mzee.

Karekezi alikuja kuuona. Akasema, "Mwalimu, hii kuku yako ya chuma itaimba saa ngapi?" Watu wengi walicheka. Nami nilicheka, kisha nikalipia kwa kukohoa.

Fundi wako wa antena alifika. Tuliivuta mashua ufukweni, tukaiegemeza kwa miti pande zote mbili isije ikalala naye. Alipanda mpaka nusu, akatazama maji, akatazama milima, akashuka polepole na kuuliza kama kuna chakula. Tulimpa. Alikula vizuri. Usimlaumu, yeye amezoea mabati.

Kuhusu hospitali: nije kama nani? Ukija kunitazama, utamwambia muuguzi mimi ni nani wako? Mteja wa Topista? Sikatai kupona, Eliane. Nakataa kulala kwenye chumba cha nyuma nikisubiri mwipwa wangu apite na kikapu cha sokoni kama mwizi. Hapa angalau nimefungwa mahali ambapo kila mtu anajua jina langu.

Mshale uko mezani, unaelekeza ukutani. Nangoja jibu kuhusu Jonan. Siulizi tena kuhusu fundi.

Mjomba wako,
Kizito


Mbarara, 21 Mei 2006

Mjomba,

Shikamoo. Nisamehe kwa kukaa kimya. Nasani aliugua malaria, amepona. Topista amekuwa kwao kwa msiba. Mimi tumbo limekuwa kubwa na wanawake wa foleni wananipisha mbele, kisha wanasema nyuma ya mgongo wangu.

Nilisema Jonan ana kazi nyingi. Si kweli. Alikuwa nyumbani wiki nzima, akirekebisha paa la jiko.

Jumanne nilijaribu. Alikuwa amekaa mlangoni, anamkata Nasani kucha. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu asubuhi, mpaka nilikuwa nayasema nikiosha vyombo. Nilisimama mbele yake, nikafungua mdomo, nikasema chumvi imekwisha. Akanyanyuka saa ileile, akavaa viatu, akaenda dukani. Aliporudi alifungua kabati, akaona kopo la chumvi limejaa hadi juu. Akaiweka mpya kando ya ile ya zamani. Sasa tuna makopo mawili, na kila nikipika nayaona.

Unajua hofu yangu si kwamba atanipiga. Hajawahi. Hofu yangu ni kwamba atanitazama na kuanza kuhesabu nyuma: safari zote za Kikagate kununua vitenge, kumbe Nakivale, baba wa kuazima, jina. Uongo mmoja angeumeza. Lakini nimemjengea nyumba nzima ya uongo na yeye amelala ndani yake miaka minne. Nitautoaje ukuta mmoja bila paa kuanguka? Na watoto wamo ndani.

Mimi nalala ndani ya uzio, Mjomba, kuna askari getini anayenisalimu kwa jina ambalo si langu. Usinisukume. Nakuomba.

Annah


Nakivale, 18 Juni 2006

Eliane, mtoto wa dada yangu,

Salamu nitazifupisha, kwa kuwa pumzi ni chache na nataka ziende kwenye jambo lenyewe. Nyirakamana hajambo, ziwa limejaa, maharage yamekuwa mazuri. Mwandiko huu mbaya ni wangu mwenyewe. Sikutaka mtu mwingine aandike.

Umesema nisikusukume. Basi badala ya kukusukuma nitakuambia ninachojua, na hapo utaona kwamba ukuta unaouogopa haushikilii paa lolote.

Uongo ule nilikufundisha mimi. Ulikuwa na miaka kumi na mitano, tumetoka Uvira na nguo za mwilini, mama yako tumemwacha kaburini njiani, na nafasi ya shule ikapatikana Mbarara. Nilikuambia useme Kisoro, useme Annah, ili usisimamishwe kila mlango na kuulizwa. Ulikuwa mwanafunzi mzuri kupita kiasi. Nilidhani utautumia uongo huo mwaka mmoja, kama koti la mvua, kisha utauvua. Sikufikiri kwamba mtu anaweza kuolewa akiwa ameuvaa.

Sasa lile usilolijua. Jonan alinijia kabla ya harusi yenu.

Alikuwa kwenye lori la jeshi linaloelekea Kikagate, akakuona ukishuka njiani, kwenye njia panda ya kuja kwetu, na wewe ulikuwa umemuaga asubuhi kwamba unakwenda Kikagate. Hakusimamisha lori. Wiki iliyofuata alikuja peke yake, bila sare, akauliza nyumba kwa nyumba hadi akaelekezwa kwangu. Alivua kofia mlangoni. Nilidhani amekuja kwa ubaya, nikamwambia simjui msichana yeyote. Akaniacha nimalize kudanganya, kisha akasema, "Mzee, mimi sijakuja kuuliza yeye ni nani. Hiyo najua. Nimekuja kuuliza nani anapokea ng'ombe."

Nilikaa chini, Eliane. Nilikuwa sijakaa hivyo tangu tulipovuka mpaka.

Kwao ni Rugaaga, kama unavyojua, na baba yake ana mifugo. Baada ya siku chache alirudi akimswaga ng'ombe kwa miguu toka huko, yeye na ndugu yake mmoja. Nilimpokea mbele ya Karekezi na Nyirakamana, kwa niaba ya baba yako na ukoo wako uliotawanyika. Tulikunywa, tukaomba. Hao wawili wameficha siri hii vizuri kuliko mimi. Wanawake wa bombani hawajui wanachosema. Wewe ulitolewa mahari, tena kwa heshima, ila hukuwepo.

Ng'ombe alikaa kwa rafiki yangu nyuma ya kilima ili usimwone. Yale maziwa uliyokunywa kila ulipokuja, ukaniuliza nimeyapata wapi na nikasema ni ya kanisa, yalikuwa yake. Alipoacha kutoa maziwa nilimbadilisha kwa mbao, misumari na lami. Mahari ya binti wa Nabintu nisingeweza kuila. Wala sikutaka kitu kitakachokufa kwa ugonjwa. Ndiyo mashua hiyo. Ulishona tanga la mahari yako mwenyewe.

Utauliza kwa nini hakukuambia, na kwa nini mimi nilinyamaza. Yeye aliniapisha. Aliniambia, "Wacha yeye asiambiwe. Siku atasema yeye mwenyewe, hapo mimi najua ananiamini." Nikampa mkono wangu. Nilidhani ni jambo la miezi. Mwaka ukapita, na mwingine. Kila ulipokuja kwangu kwa siri nilitaka kusema, na kila mara nilikuta sababu ya kungoja. Sababu moja niiungame, maana sitaki kuondoka nayo: ulipokuwa unanificha, ulikuwa unakuja kwangu kama mtoto wangu peke yangu. Mlango wako ungefunguka, ningekuwa mzee mmoja kati ya wazee wako wengi. Nilipenda kufungiwa nawe. Hilo si jema na nilijua kwamba si jema.

Ndipo nikabuni mshale. Si kwamba hauhitajiki. Unahitajika sana, muulize Karekezi na kofia yake. Lakini nilikuambia mlingoti umekita, na huo ni uongo wangu wa mwisho. Chini yake kuna pini ya chuma. Ukiichomoa, watu watatu na kamba mbili wanaulaza chini taratibu kama mtoto anayelazwa. Ningeweza kuufunga mshale nikiwa nimeketi kwenye kiti. Nilitaka tu pawe na kitu ambacho hakuna mtu anayekiweza isipokuwa mume wako, ili ulazimike kumwomba, na ukimwomba umwambie kwa nini.

Leo navunja neno nililompa. Nimempa mkono na sasa nauondoa, kwa sababu nikifa kabla hujasema, yeye atangoja maisha yake yote na wewe utaogopa maisha yako yote, na hakuna atakayebaki wa kuwaambia kwamba mnangojea kitu kimoja.

Kama huniamini, muulize ng'ombe alikuwa wa rangi gani. Mimi sikuandikii, ili jibu liwe lake.

Kabera anaondoka kesho. Nimemwambia barua hii ni nzito kuliko maharage yake.

Kizito


Mbarara, 9 Julai 2006

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Tulifika nyumbani salama jioni ileile tuliyotoka kwako, Nasani amelala njia nzima na matope ya Nakivale masikioni. Sikumwosha hadi asubuhi. Hali yako je? Nyirakamana aliniahidi kwamba atakuchemshia ile mizizi, usimbishie.

Nakuandikia kwa sababu siku ile palikuwa na watu wengi na hatukupata nafasi. Uliniuliza kwa sauti ya chini kama nimepata barua yako ya mwisho. Nikasema ndiyo, ile ya Aprili. Ukanitazama, ukamtazama Jonan, ukacheka mpaka ukakohoa, na ukakataa kuniambia unacheka nini. Kama kuna nyingine, haijafika. Topista anasema Kabera amefiwa na mama mkwe, yuko Kikagate kwenye matanga na mizigo yake yote.

Ulitaka kujua nilisemaje, na mbele ya watu nilikuambia tu kwamba nilisema. Ilikuwa hivi. Jonan alikuwa anapiga kiwi viatu vyake. Nilikuwa nimelala chali kwa sababu mtoto anapiga teke, nikatazama dari, nikasema bila kujipanga: kuna mzee Nakivale anataka mtu wa kupanda mlingoti, ni mjomba wangu, kaka wa mama yangu, mimi si wa Kisoro, jina langu ni Eliane. Nikafumba macho. Nikasikia brashi inaendelea, inaendelea, kwenye kiatu kilekile. Kisha ikasimama. Akauliza, "Hiyo mlingoti iko mita ngapi?"

Basi. Hakuuliza kingine. Nililia, akanipa kitambaa cha viatu, nikajipaka kiwi uso mzima.

Mlivyosalimiana pale mlangoni kwako, nilijishughulisha na viatu vya Nasani. Ukamwambia, "Karibu kijana, na wewe nani?" Akasimama wima kama mbele ya afande, akasema anaitwa Jonan, na kwamba amefurahi kukuona kwa mara ya kwanza. Nikaona Karekezi amegeuka kutazama ziwa, mabega yanamtikisika, nikadhani ni mafua.

Jambo moja silielewi. Alipofika kwenye mashua aliinama chini ya mlingoti, akagusa kitu kwa ncha ya kiatu, akakutazama wewe kwenye kiti chako. Muda mrefu. Kisha akafunga mkanda wake wa kupandia, akapanda. Mbona alipanda vizuri, Mjomba. Nilikuwa nimeshika pumzi mpaka mtoto tumboni akanyamaza. Alikaza skrubu kule juu, akapulizia mshale kwa mdomo wake, ukazunguka, na watu wote wakatoa sauti moja.

Na lile la mwisho tutalicheka hadi tuzeeke. Tuliposhusha mashua majini, mimi nimeketi katikati kama malkia mwenye mimba, Karekezi akauliza twende wapi. Jonan akamwambia afuate mshale. Jeshini mshale ni amri: unaelekeza pa kwenda, unakwenda. Karekezi naye akaugeuza uso wa mashua sawasawa na mshale. Tanga likaanza kupigapiga kama shuka kwenye kamba, mashua ikasimama, kisha ikaanza kurudi nyuma, nyuma, hadi tukaingia mafunjoni kwa makalio. Ndege wote wakaruka. Tukakusikia toka ufukweni, na sikujua kwamba bado una sauti ile, sauti ya darasani: "Mshale unatazama unakotoka upepo! Unakotoka! Ninyi nendeni kwa ubavu!"

Jonan aliniuliza maana yake tukiwa tunajisukuma kutoka kwenye matope. Nikamweleza kwamba mashua haiwezi kwenda uso kwa uso na upepo, inaukata kwa upande. Akainua macho akautazama mshale wake kule juu, akasema, "Sasa hiyo ni kama mimi na wewe. Tulikuwa tunaenda mbele-mbele tu." Kisha akamwomba Karekezi amwonyeshe ubavu ni upi, na tukavuka mpaka upande wa pili na kurudi.

Nakusalimu sana. Kitanda kisisogezwe toka mlangoni.

Binti yako,
Eliane


Mbarara, nyumba ya Jonan, ndani ya kambi
30 Julai 2006

Mjomba,

Shikamoo. Watoto hawajambo, wa nje na wa ndani. Topista anakusalimu na anasema duka lake sasa litabaki la vitambaa tu.

Kabera amerudi toka matangani. Barua yako ya tarehe kumi na nane Juni ilikuwa ndani ya gunia la maharage, imepata unyevu pembeni, lakini yote inasomeka. Ananiambia kwamba sasa hunyanyuki tena, na kwamba Nyirakamana anakugeuza. Anasema macho yako bado yako kwenye mlingoti na unawaambia watu upepo kabla hawajauliza.

Niliisoma nikiwa nimekaa kwenye ngazi ya nyumba yangu, mchana, mbele ya watu. Niliisoma mara mbili. Kisha nikaingia ndani, nikayatoa yale makopo mawili ya chumvi, nikamimina moja ndani ya jingine. Lilijaa, chumvi ikamwagika. Sikuipangusa.

Nimekukasirikia, Mjomba, acha niseme. Wewe, na yeye, na Karekezi na kofia yake. Miaka minne mimi nabeba mlima peke yangu, na mlima wenyewe mmeshauvuka wote, mmekaa upande wa pili mnakunywa. Wewe unaniandikia kwamba ulipenda kufungiwa nami. Mimi pia nilipenda, ndiyo ninayoyalilia. Ile njia panda, nikishuka garini na kuvua jina la Annah kama kiatu kinachobana; sikuwa na mahali pengine pa kuvua. Basi hatudaiani hapo.

Lakini sikutaka kuamini bila ushahidi. Wewe ndiye uliyenifundisha hesabu. Nilingoja arudi kazini. Akala. Nasani akapanda mgongoni mwake. Nikachukua sahani, na nikiwa nimempa kisogo nikamuuliza kwa sauti ya kawaida tu, kama mtu anayeuliza saa: yule ng'ombe alikuwa wa rangi gani?

Hakuuliza ng'ombe gani.

Nilisikia kiti kikilia. Akamshusha mtoto chini. Kisha akasema, "Bihogo." Ndivyo wanavyomwita kwao yule mwekundu mzito, rangi ya udongo uliolowa mvua, ambaye baba mtu haachilii ovyo. Akasema, "Mama yangu ndiye alimchagua. Alisema msichana ambaye hana kwao apewe ile ya kwanza."

Leo asubuhi nilikwenda bombani. Foleni ilikuwa ndefu na ndimi zilikuwa zimeshaamka. Mmoja akaanza na ule wimbo wake wa mke wa bure. Nikaweka ndoo chini nikamwambia ng'ombe wangu alikuwa bihogo, maziwa yake nimeyanywa, na sasa amekuwa mashua, na kama anataka kupanda aje Nakivale nimvushe. Hakuelewa hata neno. Haidhuru. Nilichota maji yangu, nikaondoka bila haraka.

Barua hii haiji na Kabera. Anaileta Jonan mwenyewe, ameomba ruhusa ya siku mbili. Mimi siwezi safari tena mpaka mtoto azaliwe. Atakusomea kwa sauti, maana nasikia macho yako siku hizi ni ya mbali tu. Akifika pale alipoulizwa rangi atataka kuruka. Usikubali arukie mbele.

Uliniandikia kwamba umeondoa mkono uliompa. Mrudishie, atakuwa ameketi hapo karibu.

Na ukiweza kujibu, hata mstari mmoja, hata kama Nyirakamana ndiye atakayeandika, usipitishe kwa Topista. Juu ya bahasha andika jina langu lote, na uandike kambini. Askari wa getini nimeshamwambia atafute Eliane.

Mwipwa wako,
Eliane binti Nabintu